Botvinnik, fundi wa umeme aliyejisahihisha mwenyewe

Vijana wengi siku hizi wanacheza eshek ku simu. Wakishindwa, wanafinya mahali, na programu inawaonyesha mara moja kosa liko wapi. Kisha wanaanza parti ingine na kurudilia kosa lile lile. Njo maana leo tunaeleza maisha ya Mikhail Botvinnik, mtu aliyejua eshek na machini pia.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1911, karibu na mji wa Saint-Pétersbourg. Wazazi wake walifanya kazi ya meno. Alijifunza eshek akiwa na miaka 12. Mu mwaka wa 1925, Capablanca, bingwa wa dunia, alipita ku Leningrad kucheza na watu wengi kwa mara moja. Botvinnik, mtoto wa miaka 14, akamushinda.

Hata hivyo masomo hakuyaacha. Alisomea umeme wa nguvu kubwa, na mwaka 1951, akiwa tayari bingwa wa dunia, akapata udaktari mu ufundi huo. Wakati wa vita alikuwa ku Perm, mu kazi ya umeme. Hata kule alichukua parti zote za shindano la 1941, akaziandikia maelezo moja moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Kisha kila parti, alikaa na kuandika: hapa niliwaza nini, hapa sikuona nini, hapa niliogopa bure. Halafu alitangaza maelezo hayo, ili wengine wayapime na kumuonyesha mahali alipodanganyika. Maandiko yanayofichwa mu nyumba, nani atayasahihisha?

Alipata ubingwa wa dunia mu 1948. Mu 1957 Smyslov akamunyanganya. Mwaka uliofuata akaurudisha. Mu 1960 kijana Tal akamushinda. 1961 akaurudisha tena, akiwa na miaka karibu 50. Alichunguza parti alizopoteza mpaka akajua ugonjwa wake. Mu 1963 Petrosian akamushinda, na safari hii sheria ya kurudiana ilikuwa imeondolewa.

Alipoacha mashindano mu 1970, nguvu zake alizitia mu kompyuta. Alitaka programu yake, Pioneer, iwaze sawa fundi wa eshek: iache miendo isiyo na faida, ifuate ile yenye shabaha. Wengine walitengeneza machini za kuhesabu tu, kwa mbio sana, na hizo ndizo zilishinda. Pioneer haikupata kuwa bingwa. Lakini mawazo yake yalitumiwa kupanga matengenezo ya machini za umeme.

Ku masomo yake ya eshek walipita Karpov, Kasparov na Kramnik, na wote watatu walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Kila mwanafunzi alipaswa kuchunguza parti zake mwenyewe. Mu 1985, ku Hamburg, Kasparov alicheza na watu wanane kwa mara moja, akashindwa. Mu 1987 alirudi kisha kusoma parti za wapinzani ndani ya kompyuta, akashinda 7 kwa 1. Kompyuta ilimusaidia juu alikuwa tayari amezoea kuchunguza.

Botvinnik alikufa ku Moscow tarehe 5 Mei 1995.

Sisi watu wa mgodi tunaelewa jambo hili. Pompi ikivunjika, hatubadilishi kipande tu na kwenda nyumbani. Tunauliza kwanza: juu ya nini kilivunjika? Bila hiyo, kesho kitavunjika tena, na pengine na mtu pembeni.

Basi, mama na baba, mtoto akipoteza parti, mumupe kwanza kalamu na daftari. Aandike mwenyewe mahali anapofikiri alikosa, na sababu yake. Kisha afungue programu na kulinganisha. Pale maandiko yake na jibu la machini hayapatani, pale ndipo somo linaanza.