SIDDIQUI, BWANA ALIYEUHOJI MWAROBAINI

Nani kati yetu hajawahi kunyweshwa mwarobaini? Nyanya yangu husema unatibu maradhi arubaini. Sawa, lakini ni kitu gani hasa ndani yake kinachotibu? Hebu niwasimulie juu ya bwana mmoja aliyelivalia njuga swali hilo.

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa mwaka 1897 karibu na Lucknow, Bara Hindi. Alisoma falsafa kule Aligarh, akaenda London kusomea udaktari, kisha akageukia kemia. Mwaka 1927 akapata shahada ya uzamifu mjini Frankfurt, Ujerumani. Tena alikuwa mchoraji hodari!

Aliporudi Delhi hakuzidharau dawa za wazee, wala hakuziamini hivi hivi tu. Mwaka 1931 alitenga ajmalini kutoka mmea wa Rauwolfia, akaipa jina la Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa dawa za jadi. Baadaye ajmalini ikatumiwa kutuliza moyo unaopiga ovyo.

Mwaka 1942 ikawa zamu ya mwarobaini. Aliyapitisha mafuta yake katika viyeyushi mbalimbali, kama vile etha na alkoholi, kila kimoja kikatoa sehemu yake. Humo akapata nimbini, nimbinini na nimbidini. Uchungu ule tunaoukunjia uso ukapata majina!

Lakini jina pekee si dawa. Watafiti waliofuata walizijaribu kemikali hizo, na nimbidini ikaonekana kuzuia baadhi ya bakteria. Jaribio lenyewe si gumu kulielewa. Unapanda bakteria kwenye sahani, unaweka kijikaratasi kilicholowa dawa na kingine chenye kiyeyushi kitupu. Kesho yake unapima mahali ambapo bakteria hawakuota. Bila kile cha pili, utajuaje kama si alkoholi iliyowaua?

Jambo hili si mzaha. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliolishwa. Uasili peke yake hauondoi sumu.

Mwaka 1951 Siddiqui alihamia Pakistan, akajenga taasisi za utafiti na kufundisha vijana. Alifariki Karachi mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 96.

Basi wenzangu mnaokimbia kemia, rudini darasani! Wazee wametuonyesha miti. Kuipima ni kazi yetu sisi.