Daktari Cook na Skuli ya Wakunga

Mtu akitoka Pemba kwa chombo anaweza kuvuka mpaka Mombasa. Kutoka Mombasa akienda bara, mbali sana, hufika Uganda. Huko aliishi daktari mmoja Mwingereza. Jina lake Albert Cook.

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisomea udaktari. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na wamisionari wenzake. Mmoja wao alikuwa muuguzi, Bibi Katharine Timpson. Wakati ule reli ya Uganda ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Basi walikwenda bara kwa miguu. Mwanzoni mwa mwaka 1897 walifika Mengo, karibu na Kampala, na mwaka huo huo wakafungua hospitali.

Mwaka 1900 Cook alimwoa Bibi Katharine. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali, ikaungua. Hawakukata tamaa. Wakajenga nyingine ya matofali.

Wagonjwa walikuja wengi. Lakini kina mama waliendelea kufa wakati wa kujifungua, na watoto wachanga pia. Daktari mmoja hawezi kuwapo katika kila kijiji. Uchungu ukimshika mama usiku, anamhitaji mtu aliye karibu naye. Wakunga wa jadi walikuwapo, nao walikuwa na huruma na uzoefu. Lakini huruma peke yake haizuii damu, wala haimgeuzi mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Kusaidia watu ni kazi, na kazi hufundishwa.

Basi mwaka 1918 Bibi Katharine alianzisha skuli ya wakunga pale Mengo. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wa Uganda. Walijifunza usafi, kumtazama mja mzito, na kumsaidia mama kujifungua salama. Daktari Cook na mkewe waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Hivyo msichana aliweza kuisoma kazi yake kwa lugha yake mwenyewe. Waliofaulu walipelekwa katika vituo vya uzazi vijijini. Huko hapakuwa na daktari wa kumkimbilia. Tegemeo la mkunga lilikuwa elimu yake.

Daktari Cook alifundisha pia wasaidizi wa madaktari. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938. Daktari Cook alifariki mwaka 1951, huko huko Uganda.

Daktari akitibu, mgonjwa mmoja hupona. Akifundisha, watu wengi hupona hata baada ya yeye kufa. Na anayejua kusoma hufundishika kwa wepesi zaidi.

Maswali
1. Kwa nini huruma peke yake haitoshi katika kazi ya ukunga?
2. Kitabu cha Kiganda kiliwasaidia nini wanafunzi?
3. Katika kijiji chako, nani huwasaidia kina mama wanaojifungua? Angependa kujifunza nini zaidi?