Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Shule zinapofungwa na karatasi za mitihani zikisha kusahihishwa, walimu wenzangu hushika njia za mashambani mwao. Mimi hukaa katika chumba kidogo nyuma ya nyumba yangu, hapa karibu na Wote katika Kaunti ya Makueni, nikafungua tarakilishi kuukuu za mezani. Nyingine hutoka katika afisi zilizonunua mpya. Nyingine huvuka Mto Athi kutoka Kitui juu ya paa la matatu, zimefungwa kamba kama mbuzi waendao sokoni. Sipati hata senti moja kwa kazi hiyo. Ni burudani yangu, kama wengine wanavyocheza bao.

Aghalabu ugonjwa huwa mdogo kuliko sura ya mgonjwa. Vumbi jekundu la Ukambani limeziba feni, mashine ikapata joto na kuzimika. Betri ya saa, isiyozidi sarafu kwa ukubwa, imekwisha nguvu, na kila asubuhi mashine husahau tarehe. Vibanzi vya kumbukumbu vimeshika kutu nyembamba ambayo ufutio wa penseli huiondoa kwa dakika moja. Kazi kubwa zaidi ni kulehemu: kapasita zilizovimba hung'olewa na mpya kutiwa mahali pake. Kisha huongeza kumbukumbu, hubadilisha diski inayozunguka kwa ile ya kisasa isiyo na kitu kinachosogea, na kutia programu nyepesi ya Linux isiyolipiwa. Mashine iliyodhaniwa mfu huamka, ikaandika mitihani na kufundisha hesabu.

Muhula uliopita nilipita katika shule moja nikakuta tarakilishi 14 zimerundikwa barazani zikimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu, apimaye kwa kilo. Niliomba nipewe siku chache nizikague. Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniuliza kwa nini ninapoteza umri wangu na vitu vilivyokwisha kufa. Sikuwa na jibu la haraka. Jibu ninalo leo, nalo ni maisha ya mtu aliyefariki zamani sana.

Charles Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791, mwana wa mwenye benki. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1814, na mwaka huohuo akamwoa Georgiana Whitmore. Katika zama hizo mabaharia, wanajimu na wahandisi walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu, vilivyokokotolewa na binadamu kwa mkono na kupangwa chapa kwa mkono. Kosa moja la tarakimu lingeweza kuipeleka merikebu mwambani. Mwaka 1821, Babbage na rafiki yake John Herschel walipokuwa wakilinganisha majedwali ya unajimu, makosa yalizidi kujitokeza. Hapo Babbage akashikwa na wazo ambalo halikumwachia tena: hesabu hizo zifanywe na mashine.

Njia aliyoichagua mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuielewa. Chukua vipeo vya pili: 1, 4, 9, 16. Tofauti baina yao ni 3, 5, 7, na tofauti za tofauti hizo ni 2 daima. Basi jedwali zima laweza kujengwa kwa kujumlisha tu, bila kuzidisha, na kujumlisha ni kazi ambayo magurudumu yenye meno yanaiweza. Mtambo huo aliuita Mtambo wa Tofauti. Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha.

Kuanzia hapo maisha yake yalichanganyika utukufu na msiba. Katika mwaka mmoja, 1827, alifiwa na baba, mke na mtoto. Mwaka 1828 alipewa kiti cha uprofesa wa hesabu Cambridge ambacho Newton aliwahi kukikalia. Fundi wake, Joseph Clement, alikuwa bingwa wa vyuma, lakini wawili hao waligombana juu ya malipo na juu ya kuhamisha karakana, na mwaka 1833 kazi ikasimama. Kilichokuwa kimekamilika ni kipande kimoja tu cha mtambo, kilichounganishwa mwaka 1832 na kilichofanya kazi bila dosari. Serikali ilikuwa imetumia pauni zaidi ya 17,000. Mwaka 1842 ilijitoa rasmi. Maelfu ya vipande vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa viliishia kuyeyushwa kama vyuma chakavu.

Tusimtakase Babbage. Yeye naye alikuwa na lawama. Kabla ya kumaliza mtambo wa kwanza alikwisha kupenda wa pili, Mtambo wa Uchanganuzi, alioanza kuuwaza mwaka 1834. Huo ungepokea maagizo kwa kadi zenye matundu, mfano wa zile zilizoongoza mitambo ya kufuma hariri Ufaransa, nao ungekuwa na ghala la kuhifadhi tarakimu na kinu cha kuzikokotoa. Huo hasa ndio babu wa tarakilishi. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo yake juu ya mtambo huo, akionyesha hatua kwa hatua jinsi ungeweza kuamrishwa. Lakini haukujengwa. Babbage alikuwa mwepesi wa hasira, akipigana na wanasayansi, mawaziri, hata wapiga vinanda wa mitaani.

Kati ya 1847 na 1849 alichora Mtambo wa Tofauti wa pili, mwepesi zaidi na wenye vipande vichache zaidi. Tarehe hizo zinanigusa mimi mtu wa Ukambani. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1849, Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, alikuwa Kitui akimkaribisha mmisionari Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Wahunzi wetu wakati huo walikuwa wakifua mikufu myembamba iliyosifiwa mbali. Kivoi na Babbage hawakujuana, lakini hawako mbali nasi kama tudhanivyo. Ni watu wa kizazi kimoja, na kazi ya mikono yenye makini ilikuwa pande zote mbili.

Babbage alifariki tarehe 18 Oktoba 1871, na wengi walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Hapa ndipo ninapomwomba mwenzangu wa barazani asikilize. Mwanawe, Henry, alikusanya vipande vilivyonusurika tanuri, akaunganisha mifano michache midogo na kuigawa kwa vyuo. Mmoja ulifika Harvard, Marekani. Katika miaka ya 1930 Howard Aiken aliukuta huko, naye baadaye akabuni tarakilishi kubwa ya Harvard iliyoanza kazi mwaka 1944. Michoro nayo ilihifadhiwa. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, chini ya uongozi wa Doron Swade, liliifuata michoro ile ya 1849 na kujenga sehemu ya kukokotoa, yenye vipande 4,000, kwa usahihi usiozidi ule uliowezekana enzi za Babbage. Walirekebisha makosa machache katika michoro, na mwaka 1991, ukiwa umebaki mwezi mmoja kutimia miaka 200 tangu azaliwe, mtambo ukakokotoa sawasawa. Sehemu ya kuchapa ilikamilika mwaka 2002.

Basi kilichoyeyushwa kilipotea milele. Kilichohifadhiwa, hata kikiwa kipande tu au karatasi, kilipata mtu wa kukihuisha.

Sisemi kila mashine yafaa kuokolewa. Nyingine zimekwisha kabisa, na hizo hunipa vipuri. Zile skrini za kioo kinene zisiguswe ndani na wanafunzi, kwa kuwa hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kung'olewa kwenye soketi. Lakini mwanafunzi aliyewahi kufungua tarakilishi kwa uangalizi, akaijua kumbukumbu yake na kinu chake, hataiona tena kuwa uchawi wa wageni. Nami nimejifunza kwa Babbage sheria mbili: nisianze mashine ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, na niandike daftarini kila nilichokifanya, kwani huenda atakayemaliza si mimi.

Zile 14 za barazani nimezikagua. Tisa zitaamka. Nimewaomba wakuu wa shule ile wanipe wanafunzi sita na Jumamosi nne kabla ya mizani ya mnunuzi kufika. Bado nangoja jibu lao, na koleo langu liko tayari.