Armstrong na Masafa Yaliyohamishwa

Msikilizaji wa redio nchini Kenya huitaja nambari ya stesheni aipendayo kama atajavyo jina la jamaa yake. Ajua kwamba ataipata mahali fulani baina ya 87.5 na 108. Ni wachache mno, hata miongoni mwetu tunaoshika chaki, waliopata kujiuliza ni nani aliyeiweka mipaka hiyo. Jibu lake limefungamana na maisha ya Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyezaliwa mjini New York tarehe 18 Desemba 1890.

Armstrong alikulia Yonkers, kando ya mto Hudson, akiwa kijana mpole aliyependa upweke na kukwea minara. Mwaka 1912, angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aligundua kwamba umeme uliokwisha kukuzwa ndani ya vali ukirudishwa mwanzoni ukakuzwa tena na tena, sauti hafifu kutoka mbali husikika kwa nguvu. Ajabu ni kwamba vali yenyewe ilikuwa imebuniwa na Lee de Forest mnamo 1906, na de Forest hakuelewa barabara ilivyofanya kazi. Hilo halikumzuia kudai ugunduzi huo ni wake. Kesi iliendelea miaka mingi, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Armstrong alikwenda mbele ya chama cha wahandisi wa redio ili kuirudisha nishani waliyomtunuku kwa ugunduzi huo. Wahandisi walikataa kuipokea. Wao walijua kilichotendeka ndani ya vali, na naona ushuhuda wao una uzito kuliko hukumu ile.

Wakati huo alikuwa tajiri tayari. Alipokuwa afisa wa jeshi nchini Ufaransa mwaka 1918 alibuni mpango wa kupokea mawimbi ambao redio nyingi zilitumia kwa miongo iliyofuata. Aliuza haki za uvumbuzi wake mwingine kwa kampuni ya RCA akalipwa kwa hisa, akawa mwanahisa mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Mkuu wa kampuni hiyo, David Sarnoff, alikuwa rafiki yake. Tena Armstrong alimwoa Marion MacInnis, karani wa Sarnoff, mwaka 1923.

Kero iliyowakabili wahandisi wote ilikuwa mikwaruzo. Katika utangazaji wa AM, sauti hubebwa kwa kupandisha na kushusha ukubwa wa wimbi. Radi nayo huongeza ukubwa wa wimbi, na hivyo redio haiwezi kutenganisha radi na mtangazaji. Armstrong aliuacha ukubwa utulie, akabadili idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa kila sekunde. (Lugha yetu imetutega hapa: twasema masafa mafupi tukimaanisha urefu wa wimbi, kisha twasema masafa ya 98.4 tukimaanisha idadi ya mitikisiko, ilhali kimoja kikiongezeka kingine hupungua. Mwanafunzi akichanganyikiwa, asilaumiwe peke yake.)

Wazo hilo halikuwa geni. Mwaka 1922 mwanahisabati John Carson alikuwa ameonyesha kwamba kubadili mitikisiko hakuwezi kupunguza nafasi inayohitajiwa na stesheni, na wengi wakachukulia kwamba njia hiyo haina faida. Hesabu za Carson zilikuwa sahihi. Lakini swali lake lilihusu kubana nafasi, na Armstrong aliligeuza: nafasi ikipanuliwa, je? Alipoipanua, mikwaruzo ilitoweka. Ndiyo sababu kanuni za Marekani huipa stesheni ya FM njia yenye upana wa kilohezi 200, na wimbi huruhusiwa kuyumba hadi kilohezi 75 kila upande, wakati ambapo stesheni ya AM nchini humo hupewa njia ya kilohezi 10 tu.

Alipata hataza za FM tarehe 26 Desemba 1933. Sarnoff alimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State, kisha mwaka 1935 akamtaka aondoe mitambo yake, kwa kuwa RCA ilikuwa ikielekeza nguvu zake kwenye televisheni. Armstrong alijenga mnara wake mwenyewe huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Mwaka 1940 halmashauri ya serikali isimamiayo mawasiliano, FCC, iliitengea FM eneo la megahezi 42 hadi 50, na matangazo ya biashara yakaanza Januari 1941.

Juni 1945, FCC iliihamisha FM hadi megahezi 88 na kuendelea, ikitaja hofu kwamba madoa ya jua yangeleta mwingiliano katika eneo la zamani. Wahandisi wengi walipinga. Redio za FM zipatazo laki nne au zaidi ziligeuka mapambo ya sebuleni, na mitambo ya kurushia ikawa haifai tena. Sehemu ya eneo lililoachwa ilipewa televisheni, ambayo picha zake huathiriwa na mwingiliano kuliko sauti ya FM. Wapo wanaoiona kuwa njama tupu. Mimi sifiki huko: eneo jipya lilikuwa na nafasi kubwa zaidi, na ndilo tulilorithi sisi, hata Nairobi ilipopata stesheni ya kwanza ya FM ya kibinafsi mwaka 1996. Lakini kanuni inaweza kuwa njema kwa wajukuu huku ikimfilisi babu.

Wakati wa vita Armstrong alikuwa ameliruhusu jeshi la nchi yake kutumia hataza zake bila malipo. Vita vilipokwisha, RCA ilitumia FM katika sauti ya televisheni ikakataa kumlipa kama walivyolipa wengine. Aliishtaki mwaka 1948. Mawakili wa kampuni walimhoji siku baada ya siku, muda wa hataza ukiyoyoma na fedha zikiisha. Mwishoni mwa 1953 aligombana vibaya na mkewe kuhusu fedha, na Marion akaondoka nyumbani. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 Armstrong alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 63.

Marion alizichukua kesi zote mikononi mwake. RCA ilimlipa zaidi ya dola milioni moja mwaka huohuo wa 1954. Kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, aliishinda mwaka 1967. Mnara wa Alpine ungali umesimama. Minara pacha ya New York ilipoangushwa Septemba 2001 pamoja na mitambo iliyokuwa juu yake, baadhi ya stesheni za televisheni za jiji hilo zilirusha matangazo yao kutoka huko.