BIBI SALME BINTI SAID (EMILY RUETE), 1844–1924: MIAKA HAMSINI NA SABA UGENINI



Katika toleo hili la ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, kamati imeona vema kuwaletea maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyeondoka kwao akazeekea ugenini. Tumemchagua Bibi Salme binti Said wa Unguja, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Tumemchagua kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha yake kama kilivyo lugha yetu. Tena mambo yaliyompata ni yale yale tunayoyazungumza kila siku bombani na kwenye foleni ya posho: mali iliyobaki nyuma, watoto wanaokulia katika lugha nyingine, na swali la kurudi.

Watu wengi huyasimulia maisha yake kama hadithi ya mapenzi. Sisi tutaangalia zaidi jinsi alivyokaa huko alikokwenda.

KUZALIWA NA MALEZI

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, ambaye mwenyewe alihama Maskati akaweka makao yake kisiwani. Mama yake aliitwa Jilfidan, suria kutoka nchi ya Wacherkezi kwenye milima ya Kaukazi. Mama huyo alitekwa vitani akiwa bado mtoto. Wazazi wake waliuawa, naye akatenganishwa na ndugu zake, wasionane tena. Basi Salme alinyonyeshwa na mwanamke ambaye tayari alikuwa amepoteza nchi yake.

Wasichana wa jumba hilo walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wakati ule. Ujuzi huo aliouiba ulimletea matata kwanza, na baadaye ukamlisha.

Baba yake alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Omani. Salme, mwenye umri wa miaka 12, akarithi shamba na fedha. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huo huo ndugu zake waligombana juu ya utawala. Barghash alitaka kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka 15 anayejua kuandika, akawa karani wa kundi la Barghash. Uasi ulishindwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu wasiomwamini, wa upande huu na wa upande ule.

KUONDOKA

Baada ya kukaa mashambani alirudi mjini. Jirani yake alikuwa Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana, naye akapata mimba. Kwa binti wa Sultani hilo lilikuwa jambo la hatari ya kufa. Mwezi Agosti 1866 alipanda usiku meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba, akamngoja Ruete miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa na kuanza safari ya Ulaya. Mtoto wao alifariki njiani, kabla ya kufika Ujerumani.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Wapo kati yetu waliozika mtoto kando ya njia wakaendelea kutembea kwa sababu haikuwezekana kusimama. Watajua wenyewe Bibi huyu aliingia Hamburg na moyo wa namna gani, akiwa na miaka 22.

MJI WA HAMBURG

Hamburg ni bandari kubwa juu ya mto Elbe. Akina Ruete walikaa mtaa wa Uhlenhorst, karibu na ziwa la Alster lililo katikati ya mji. Bibi Salme hakujua Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili nyumbani, na mume alipokwenda kazini asubuhi, Kiswahili kiliondoka naye hadi jioni. Baridi ya kwanza ilikuwa mtihani mkubwa kwa mtu aliyekulia kwenye joto la pwani. Watu walimtazama kama ajabu. Walitaka kumwona binti wa Sultani, wala hawakuona mwanamke mwenye msiba.

Pamoja na hayo alijifunza. Alijifunza lugha, mavazi, masoko, na namna ya kuendesha nyumba ya Kijerumani. Akazaa watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870.

Mwezi Agosti 1870, mtoto wa mwisho akiwa na miezi minne tu, mumewe aligongwa na tramu mjini akafariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25 na watoto watatu, katika nchi aliyoikaa miaka mitatu. Sheria za huko wakati ule hazikumwachia mjane usimamizi wote wa mali na watoto, bali waliwekwa wanaume wa kusimamia. Urithi wake wa Unguja nao ulizuiwa, kwa kuwa alikuwa ametoka katika dini na kuolewa na mgeni. Kulia akose na kushoto akose.

MJI BAADA YA MJI

Kutoka Hamburg alihamia Dresden mwaka 1872, mji mwingine ulio juu ya mto ule ule wa Elbe lakini mbali bara. Baadaye akakaa Rudolstadt, mji mdogo wa Thuringia ulio bondeni mwa mto Saale, vilima vya misitu vikiuzunguka na jumba la watawala likiwa juu yake. Kisha akaenda Berlin, mji mkuu. Alihama kutafuta maisha yenye gharama ndogo na shule kwa watoto. Wale tuliohamishwa kambi hadi kambi tunaelewa maana ya kufungua mizigo, kujua soko liko wapi na jirani gani ana moyo mwema, kisha kufunga mizigo tena.

Alijilisha kwa ile elimu aliyoiiba utotoni. Alifundisha Kiarabu. Akaandika pia kitabu cha kumbukumbu za maisha yake ya Unguja, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, lugha ambayo miaka 19 kabla yake hakuijua. Kitabu hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kutoka kwa mwanamke wa Kiarabu. Aliandika vilevile barua ndefu juu ya maisha ya Ujerumani, kama kwa rafiki aliyebaki nyumbani. Hizo zilichapishwa baada ya kifo chake, nazo zinaonyesha nchi ya Wazungu jinsi inavyoonekana na macho ya mgeni kutoka kwetu.

ALIPOTAKA KURUDI

Mwaka 1875 ndugu yake Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alitembelea London. Salme alifunga safari kwenda kuonana naye. Wakubwa wa Kiingereza hawakutaka mambo ya familia yaharibu mashauri yao na Sultani, wakamzuia kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake. Hakumwona ndugu yake, na ahadi haikutimia.

Mwaka 1885 ikaja nafasi nyingine. Ujerumani ilikuwa imetangaza kuchukua sehemu za bara ambazo Barghash alizihesabu ni zake. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Salme akaletwa pamoja na watoto wake, akihesabiwa raia wa Ujerumani anayedai haki yake. Alishuka na kutembea katika mitaa ya utoto wake. Watu wa mji walimfuata na kumsalimu kwa furaha. Barghash alikataa kumpokea. Kisha Sultani alipokubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara, shauri la urithi wa Salme likawekwa kando. Chansela Bismarck alikuwa amekwisha kupata alichokitaka.

Bara hilo lilipanuliwa baadaye likawa Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na Kigoma, Burundi na Rwanda. Maana yake ni kwamba hata ardhi tunayoikalia leo ilikuwamo katika biashara ile, na machozi ya mwanamke mmoja yakatumiwa kama kipande cha mzani. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash alipokuwa amekwisha kufariki. Sultani mpya, Khalifa, ambaye pia ni ndugu yake, naye hakumpa kitu. Salme akaondoka Unguja, asirudi tena.

MILIMA YA LEBANON

Hakurudi moja kwa moja Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, miji iliyokuwa chini ya Waturuki, akakaa pande hizo hadi mwaka 1914. Beirut iko pwani, na nyuma yake milima ya Lebanon hupanda hadi zaidi ya mita 3,000, theluji ikikaa kileleni huku chini kukiwa na michungwa. Kwa mzaliwa wa Unguja, kisiwa kisicho na mlima hata mmoja, hiyo ilikuwa nchi ngeni kabisa. Lakini Kiarabu alichokisikia sokoni na adhana aliyoisikia mnarani vilikuwa vya utoto wake. Tunaona kwamba aliposhindwa kupata kwao, alichagua mahali palipofanana na kwao kiasi cha kuweza kupumua. Alikaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Vita vya 1914 vilimkuta amerudi Ujerumani kwa watoto wake. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg katika kaburi la familia ya mumewe. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Alizikwa nao.

JAMBO TUSILOLIFICHA

Haitakuwa haki kumsifu Bibi Salme na kunyamazia jambo moja. Katika kitabu chake aliutetea utumwa, na aliwaandika Waafrika weusi kwa dharau. Mashamba ya karafuu yaliyowatajirisha watu wa ukoo wake yalilimwa na watumwa. Baadhi ya watumwa hao walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwetu, wakavushwa hadi Ujiji na kutembezwa kwa miguu hadi pwani. Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakubwa wa mtaa wakaamua jina liondolewe kwa sababu hiyo hiyo.

Tumejadiliana katika kamati kama inafaa kumweka katika toleo hili. Wazee wengine walisema haifai. Mwishowe tumekubaliana aandikwe na hili liandikwe pamoja naye. Mama yake mzazi alitekwa akiwa mtoto, na yeye mwenyewe alionja udhalili wa ugenini, lakini mateso hayo hayakumfungua macho aone mateso ya mtumwa wake. Hilo ni onyo kwetu. Mtu anaweza kuwa mkimbizi na bado akamdharau mkimbizi mwenzake wa kabila lingine, au mlemavu wa mtaa wa pili. Kuteseka peke yake hakumfundishi mtu huruma.

TUNAYOYACHUKUA

Wahenga walisema: aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bibi Salme alirudi mara mbili na ngama ikawa imefungwa. Hatuandiki haya kuwakatisha tamaa wanaongoja kurudi. Kila mmoja wetu anangoja, na Mungu akijalia tutarudi. Tunaandika kwa sababu katika miaka hiyo 57 Bibi huyu alingoja huku anafanya kazi. Alijifunza lugha ya wenyeji, akafundisha lugha yake, akalea watoto watatu bila baba. Mwanawe Rudolph Said, aliyelelewa Ujerumani, ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha ya babu yake, Seyyid Said, kilichotoka mwaka 1929. Maana yake mama hakuwaacha watoto wasahau walikotoka.

Basi kina mama na kina baba, waandikieni watoto majina ya vijiji vyetu, mito, milima, na nani alizaliwa wapi. Asiyejua kuandika amwambie kijana amwandikie. Na vijana, msione haya kujifunza lugha ya hapa tulipo, kwani haiwafuti nyinyi. Katika jumba la makumbusho la Unguja, lililofunguliwa mwaka 1994 ndani ya jumba la zamani la Masultani, kuliwekwa chumba kwa ajili ya Bibi Salme. Mlango aliofungiwa akiwa hai umefunguliwa kwa kumbukumbu zake, na kilichoufungua ni maandishi ya mkono wake.

Tunawatakia nyote sikukuu njema yenye amani.

Ni sisi,
Kamati ya Jamii ya Kambi