ABEBE BIKILA: MBIO ZILIZONIKUTANISHA NA BABU

Leo tuwaweke kando kidogo Simba na Yanga. Kuna Mhabeshi mmoja ambaye vijana wengi tunamsikia kwa jina tu: Abebe Bikila. Mimi nilimjua kupitia babu yangu kule Tindiga, Kilosa.

Agosti 24, 2008 ilikuwa marathoni ya Olimpiki ya Beijing, na kwa saa za kwetu ilianza saa nane na nusu usiku. Nyumba nzima imelala, tumebaki mimi na babu mbele ya tivii ya mjomba, jenereta linanguruma nje. Babu alikuwa amepooza miguu, na kiti cha magurudumu alichotafutiwa alikikataa katakata, eti heri alale ndani kuliko watu wamwone anasukumwa barabarani. Mkenya Samuel Wanjiru alipoanza kuwaacha wenzake, mzee akachangamka, akaanza kunipa za Bikila.

Jamaa alizaliwa Agosti 7, 1932, akawa askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Kocha wake alikuwa Msweden, Onni Niskanen. Septemba 10, 1960 kule Roma, viatu vikamsumbua, basi akakimbia peku! Kilomita 42 na ushee, akamaliza usiku kwa saa 2:15:16, rekodi ya dunia. Mmoroko Rhadi Ben Abdesselam alimng'ang'ania mpaka karibu na mwisho, Bikila akachomoka jirani na mnara wa Axum, ule ambao Waitalia waliupora Ethiopia miaka ya 1930. Yaani kashinda katika mji mkuu wa walioivamia nchi yake!

Tokyo, Oktoba 21, 1964, alikuwa ametoka kupasuliwa kidole tumbo wiki chache tu nyuma. Safari hii kavaa viatu, akatumia 2:12:11, kisha akaanza kunyoosha viungo uwanjani kana kwamba hajachoka. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mexico 1968 maumivu yalimtoa njiani, na Mhabeshi mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Ndo mbio zilezile ambazo John Stephen Akhwari wetu alianguka, akaumia goti, lakini akajikongoja mpaka mwisho.

Simulizi ya babu iliishia hapo. Nilipofika Kilosa mjini nikaingia intaneti kafe kusoma yaliyofuata, nikarudi kumsimulia. Kumbe Machi 22, 1969 gari la Bikila lilipinduka, akapooza. Alipelekwa Uingereza kutibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, lakini hakutembea tena. Miguu iliyoishangaza dunia ikawa haifanyi kazi. Jamaa hakujificha, bwana. Mwaka 1970 alishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale akiwa amekaa kwenye kiti, na Olimpiki ya Munich 1972 alialikwa kama mgeni wa heshima, uwanja ukamshangilia akiwa kwenye kiti hichohicho.

Babu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika kuhusu hicho kiti. Nikamwambia picha nimeziona kwa macho yangu. Hakusema kitu. Siku ya tatu akaagiza kiti chake kitolewe stoo, kifutwe vumbi. Tangu hapo kila mechi kubwa nilimsukuma hadi kwenye kibanda cha video, na wazee wenzake wakawa wanamwekea nafasi ya mbele.

Bikila alifariki Oktoba 25, 1973 kwa damu kuvuja kwenye ubongo, akiwa na miaka 41 tu. Maelfu walijitokeza kumzika Addis Ababa, mfalme mwenyewe akiwepo.

Wadau, nyie mlikuwa mnaangalia nini na wazee wenu? Na aliyewahi kumwona Akhwari akikimbia atupe data. Maoni ruksa!