Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876)

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1846 aliwasili Mombasa, akaungana na Dkt. Ludwig Krapf huko Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, nao wataalamu wa Ulaya wakambishia kwa miaka mingi. Kwa masimulizi ya watu wa misafara, yeye na Jakob Erhardt walichora ramani yenye ziwa moja kubwa mno barani. Ramani hiyo ilichochea safari ya Burton na Speke, waliofika Ujiji mwaka 1858, kusini-magharibi mwa Kasulu na Kibondo.

Huko Rabai alimzika mwanawe mchanga na, mwaka 1866, mkewe Emma. Naye hakuuacha utume wake. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, alirudi Gerlingen akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mji aliouacha akiwa kijana hakuweza kuuona tena sawasawa, kwa maana alikuwa karibu kipofu. Alihamia Korntal, jirani na Krapf, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka huohuo Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili ilichapishwa. Macho yalizimika, bali Neno alilolipanda lingali linasomwa.